Mgeni, Genge na Difenda: Utafiti wa Uhalifu Unatuambia Nini Sisi wa Dar

Kila Dar es Salaam inapokumbwa na wimbi la uporaji, mazungumzo ya vijiweni na kwenye daladala hufuata njia ileile. Kwanza, hao vibaka si watu wa hapa: wamekuja tu kutoka mikoani, au wamevuka mpaka bila kibali. Pili, wana genge lao, lina jina na lina mkubwa wake. Tatu, dawa ni polisi waingie mtaani na difenda, wasombe kila kijana aliyekaa kibarazani, halafu kila mtu arudishwe kwao. Kauli hizi tatu husemwa kwa pumzi moja, kana kwamba ukishakubali ya kwanza, mbili zilizobaki zimethibitika zenyewe. Lakini hayo ni maswali matatu tofauti, na kila moja lina ushahidi wake.

Mtu aliyeyashughulikia yote matatu kwa miaka mingi ni Charis Kubrin, profesa wa kriminolojia katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Amechunguza kama wahamiaji huleta uhalifu, amechunguza jinsi mashairi ya rap yanavyotumiwa mahakamani kumfanya kijana aonekane mwanagenge, na amepima kinachotokea polisi wanapoacha kufanya kazi ya idara ya uhamiaji. Utafiti wake ni wa Marekani, na majibu yake hayahamishiki mzimamzima mpaka Mbagala. Njia yake ya kuuliza, hata hivyo, inatufaa sana.

Tuanze na wageni. Mwaka 2018 Kubrin na mwenzake Graham Ousey walichapisha tathmini ya tafiti 51 zilizofanyika Marekani kati ya 1994 na 2014. Zote ziliuliza jambo moja: eneo likipokea wahamiaji wengi, uhalifu unaongezeka? Jibu lililotokea mara nyingi zaidi lilikuwa kwamba hakuna uhusiano. Pale uhusiano ulipoonekana, matokeo yaliyokuta uhalifu ukipungua yalikuwa mara mbili na nusu ya yale yaliyokuta ukiongezeka. Wastani wa yote ulionyesha upungufu, ila mdogo mno, karibu na sifuri. Matokeo hayo hayasemi kwamba mhamiaji haibi. Yanasema kwamba ukitaka kujua mtaa gani una uhalifu, kuhesabu wageni wake hakutakusaidia.

Wala si habari mpya. Mwaka 1931 tume ya serikali ya Marekani, iliyojulikana kama Tume ya Wickersham, ilichunguza tuhuma dhidi ya wahamiaji wa wakati huo na kukuta kwamba, kwa kulinganisha na idadi yao, waliozaliwa nje walihalifu kidogo kuliko wenyeji. Miaka karibu 90 baadaye, mwaka 2020, Michael Light na wenzake walitumia kumbukumbu za jimbo la Texas, ambako hali ya uhamiaji ya kila anayekamatwa huhakikiwa na kuandikwa. Wasio na vibali walikamatwa kwa makosa makubwa kwa kiwango cha chini kuliko raia waliozaliwa humo humo.

Utafiti ninaouona mzito kuliko yote ni ule wa Robert Sampson na wenzake, uliotoka mwaka 2005. Waliwafuatilia karibu vijana 3,000 wa mitaa 180 ya Chicago, wakawagawa kwa vizazi. Waliohamia wenyewe walikuwa na uwezekano wa kufanya vurugu ulio chini kwa asilimia 45 kuliko wale ambao hata wazazi wao walizaliwa Marekani. Watoto wa wahamiaji walikuwa chini kwa asilimia 22. Yaani kadiri familia ilivyokaa mjini, ndivyo watoto wake walivyofanana na watoto wa mjini.

Anayehama kwao kwa kawaida amekuja kutafuta. Ana deni la nauli, kuna mama kijijini anayesubiri hela ya mbolea, na anajua akiharibu hapa hana pa kwenda. Mtoto wake anazaliwa hapa, hana deni hilo wala hofu hiyo. Anachokijua ni mtaa wenyewe: shule yenye msongamano, kijiwe, kazi za siku moja moja, na polisi wanaomtazama kwa jicho la shaka tangu ana miaka kumi na tatu. Ndiyo maana swali la kijana ametoka wapi lina majibu machache kuliko swali la amelelewa wapi.

Hilo la mahali lilionekana zamani. Clifford Shaw na Henry McKay, hukohuko Chicago, walichora ramani za kesi za watoto kwa miongo kadhaa na kuchapisha kazi yao mwaka 1942. Walikuta mitaa fulani karibu na katikati ya jiji ina kesi nyingi mwaka hadi mwaka, ingawa wakazi wake walibadilika kabisa: kabila moja la wahamiaji lilitoka, jingine likaingia, na kesi zikabaki palepale. Waliotoka walipohamia mitaa bora, kesi za watoto wao zilipungua. Mtaa uliobaki nyuma uliendelea na umaskini wake, na wapangaji wanaohama kabla hawajajuana majina.

Dar ilikuwa na wakazi 4,364,541 katika sensa ya 2012, na 5,383,728 katika sensa ya 2022. Ongezeko la watu milioni moja kwa miaka kumi lingeweza kumshawishi mtu kwamba kila tatizo limeshuka na basi la jana pale Magufuli, Mbezi Luis. Ila fikiria nani huwa tunamlaumu. Kijana aliyewasili juzi kutoka Singida analala kwa binamu yake, anauza maji kwenye foleni ya Ubungo, na wenyeji wa mji huu wanamtambua kwa lafudhi kabla hajamaliza sentensi. Huyo ndiye huibiwa. Njia za kukimbilia usiku, nyumba ya kuficha simu, fundi wa kuzifungua na mnunuzi wa spea za pikipiki ni maarifa ya mtu aliyekulia hapa.

Kuna upande wa pili ambao haupaswi kufichwa. Ulaya picha haiko hivyo kila mahali. Nchini Sweden, ripoti ya 2021 ya baraza la taifa la kuzuia uhalifu ilionyesha kwamba waliozaliwa nje walisajiliwa kama watuhumiwa mara 2.5 zaidi ya wenyeji wenye wazazi wenyeji, na watoto waliozaliwa Sweden kwa wazazi wawili wageni mara 3.2. Umri, kipato na mahali wanapoishi vinaeleza sehemu ya pengo hilo, si lote. Anayesema uhamiaji haujawahi kuwa na uhusiano na uhalifu popote duniani anakosea sawa na anayesema una uhusiano siku zote. Hata hivyo, Sweden nako kizazi cha pili ndicho kilichoko juu, kile kilichozaliwa na kulelewa humo.

Sasa, mtego wa takwimu. Nchi yetu ni njia ya Waethiopia wengi wanaoelekea Afrika Kusini, na wengi hukamatwa njiani. Januari 2021 Rais Magufuli aliwasamehe 1,789 waliokuwa magerezani kwetu. Idadi hiyo ukiiona katika orodha ya wafungwa raia wa kigeni, bila maelezo, utadhani kuna jeshi la wahalifu. Kosa lao lilikuwa kuingia nchini bila kibali. Hawakumpiga mtu kabali. Mtu anayechanganya kosa la kuvuka mpaka na kosa la kupora kwa panga anapata jibu aliloliandaa kabla ya kuhesabu.

Mwaka 2013 tulipitia Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu iliyotolewa ilikuwa ujambazi wa kutumia silaha barabarani, na ujambazi huo ulikuwa wa kweli. Waliosafiri njia zile kwa mabasi yaliyosindikizwa na askari wanaukumbuka. Waliotolewa nchini, maelfu kwa maelfu, walikuwa na wakulima na wafugaji waliokaa huko miongo mingi, wengine wakiwa wameoa na kuolewa na Watanzania. Jambazi mwenye bunduki na bibi mwenye shamba la migomba waliingizwa kwenye kapu moja kwa sababu ya asili yao.

Dar yenyewe imejaribu kurudisha watu makwao kabla na baada ya uhuru. Tangu miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwasaka Waafrika wasio na ajira, ikiwaita wahuni, na kuwapakia kuwarudisha vijijini. Baada ya uhuru msako uliendelea, na mwaka 1983 ukaja na Sheria ya Nguvu Kazi. Waliorudishwa walirudi mjini, wengine baada ya siku chache, kwa sababu iliyowaleta ilikuwa palepale.

Swali la pili ni genge. Hapa watafiti wa kimataifa wanaojiita Eurogang walikaa wakakubaliana kuhusu fasili: kundi la vijana linalodumu, linaloshinda mitaani, na ambalo kuvunja sheria ni sehemu ya jinsi linavyojitambulisha. Kila kipande cha fasili hiyo kina kazi. Vijana watano wanaovuta bangi nyuma ya fremu si genge. Vibaka wawili wenye bodaboda ni vibaka wawili. Na hata penye genge la kweli, tafiti za kuwafuatilia vijana kwa miaka, kama ule wa mji wa Rochester, Marekani, zimeonyesha kwamba wengi hukaa humo chini ya mwaka mmoja kisha wanatoka wenyewe.

Dar imekuwa na majina yake. Miaka ya 1990 kulikuwa na Komando Yosso, baadaye Mbwa Mwitu, kisha Panya Road. Tarehe 2 Januari 2015 hofu ya Panya Road ilienea jijini jioni moja, baada ya mazishi ya kijana aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi. Maduka yalifungwa, watu wakakimbia, simu zikabeba uvumi kutoka mtaa hadi mtaa kwa kasi kuliko kundi lolote la watu linavyoweza kutembea. Siku zilizofuata polisi walikamata mamia ya vijana. Mwaka 2022 mashambulizi ya majumbani yalirudi, safari hii kukiwa na majeruhi na vifo, na polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa kadhaa. Familia zilizovamiwa usiku zikikatwa mapanga zilikuwa na haki ya kulindwa, na hakuna fasili ya kitaaluma inayopunguza maumivu yao. Ila ni kwa ajili yao hasa tunahitaji kujua nani ni nani. Jina moja likishatumika kwa kila kijana wa Uswahilini, aliyeshika panga anajificha ndani ya umati wa wasiohusika.

California ilionyesha kosa hilo linaweza kufika wapi. Polisi wa huko walikuwa na daftari la kielektroniki la wanagenge, CalGang. Mkaguzi wa serikali ya jimbo alipolipitia mwaka 2016 alikuta watu 42 ambao, kwa tarehe zilizoandikwa, waliingizwa wakiwa hawajatimiza mwaka mmoja wa kuzaliwa. Kati yao 28 waliandikwa kwamba walikiri wenyewe kuwa wanagenge. Watoto wa kunyonya. Makosa ya tarehe hutokea katika kila ofisi, lakini daftari hilo lilitumika kuamua nani asimamishwe barabarani na nani ashukiwe.

Hapo ndipo utafiti wa Kubrin kuhusu muziki unapoingia. Yeye, Adam Dunbar na Nicholas Scurich waliwapa watu mistari ileile ya wimbo wenye vurugu. Baadhi waliambiwa ni wa kantri, muziki wa mashambani wa Marekani, wengine wakaambiwa ni rap. Walioambiwa ni rap waliuona wa kutisha zaidi na wakaamini zaidi kwamba mtunzi anasimulia maisha yake mwenyewe. Maneno hayakubadilika hata herufi. Waendesha mashtaka wa Marekani wamekuwa wakipeleka mashairi ya namna hiyo mahakamani kama ushahidi, na mwaka 2022 California ikatunga sheria ya kuwataka majaji wayachuje kwa makini kabla ya kuyaruhusu. Msomaji wa Dar afikirie singeli, muziki uliozaliwa Tandale, Manzese na mitaa jirani, na muda gani uliitwa muziki wa wahuni kabla haujapelekwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Kijana wa kigodoro aliyenyoa kiduku amekuwa akibeba kesi ambayo hajasomewa.

Kisa kinachounganisha wageni, magenge na polisi kuliko vyote ni cha MS-13. Genge hilo linatajwa kama mfano wa wahamiaji walioingia na uhalifu wao, ilhali lilianzia Los Angeles miaka ya 1980, miongoni mwa watoto wa wakimbizi wa vita vya El Salvador. Walifika kwenye mitaa iliyokuwa na magenge tayari, wakajikusanya, wakafungwa, wakakomazwa gerezani. Sheria ya 1996 ilipopanua makosa ya kumfukuzisha mtu nchini, Marekani iliwapakia maelfu na kuwapeleka katika nchi iliyokuwa imetoka vitani mwaka 1992, isiyo na ajira wala polisi imara. Genge la mitaa michache ya Los Angeles likawa tatizo la nchi nzima za Amerika ya Kati. Kurudisha watu kwao, katika kisa hiki, ndiko kulikosafirisha ugonjwa.

Najua mtu ataniuliza habari za Rais Bukele. Tangu Machi 2022 El Salvador iko chini ya hali ya dharura, zaidi ya watu 80,000 wamekamatwa, na mauaji yameshuka sana. Hilo ni kweli na wananchi wengi wa huko wanalifurahia. Ni kweli pia kwamba mashirika ya haki za binadamu yameandika kesi za watu wengi wasio na hatia na vifo vya mahabusu, katika nchi ambayo sasa inaongoza duniani kwa kiwango cha wafungwa kulingana na idadi ya watu. Magenge yale yalikuwa na makumi ya maelfu ya watu na yalitoza kodi kila duka. Sioni sababu ya kuiga gharama hiyo kwa ajili ya makundi ya vijana yanayovunjika yenyewe kila baada ya muda mfupi.

Tumefika kwa polisi. Januari 2018 California ilianza kutumia sheria inayowazuia polisi wa jimbo kushirikiana na maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu isipokuwa katika makosa makubwa. Wapinzani walitabiri wimbi la uhalifu. Kubrin na Bradley Bartos wakatafuta njia ya kupima. Huwezi kulinganisha California ya 2018 na ya 2017 tu, kwa kuwa mambo mengine pia yalibadilika. Kwa hiyo walitengeneza California ya kukokotoa: mchanganyiko wa majimbo mengine ambao tangu 1970 hadi 2017 ulikwenda sambamba na California halisi katika uhalifu, lakini haukuwa na sheria hiyo. Baada ya sheria kuanza, California halisi haikuachana na ile ya kukokotoa kwa kiasi cha maana, si katika makosa ya vurugu, si katika wizi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2020.

Kwa nini polisi kuachana na kazi ya uhamiaji kusiwape wahalifu nafasi? Jibu liko kwenye kaunta ya kituo. Chukua mama wa Kirundi anayeuza vitenge Mbagala Rangi Tatu, kibali chake kimeisha muda. Vijana wawili wanampora mkoba saa moja jioni, na sura zao anazijua. Akienda kituoni, kabla ya kuulizwa alichoibiwa ataulizwa kitambulisho. Haendi. Vijana wale wanajifunza haraka kwamba watu wa aina yake ni chakula rahisi, na kesho wanampora jirani yake Mtanzania, huku shahidi pekee aliyewatambua akikaa kimya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 kuhusu Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini, wa kaunti nne kubwa ulikuta asilimia 44 wakisema wangesita kuwaita polisi hata wakifanyiwa uhalifu, kwa kuhofia kuulizwa kuhusu uhamiaji wao au wa watu wanaowajua.

Msako wa jumla una tatizo la jinsi hiyohiyo. Aprili 1988 polisi wa Los Angeles walisomba zaidi ya watu 1,400 katika wikiendi moja. Walio wengi waliachiwa bila mashtaka. Malcolm Klein, aliyewachunguza vijana wa magenge wa jiji hilo kwa miongo, aliona kwamba misako ya namna ile huwapa vijana kitu cha kuwaunganisha: jina lao limetajwa kwenye televisheni, wamelala selo moja, wametoka na hadithi ya kusimulia. Kwetu msako una msaada wa kisheria wa zamani, kosa la uzururaji katika vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko hapahapa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake.

Boston walifanya kinyume chake miaka ya 1990. Walihesabu kwanza. Wakakuta vijana kama 1,300 wa magenge 61, chini ya asilimia moja ya vijana wa jiji, wanahusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Kuanzia 1996 polisi, wachungaji na maofisa wa ustawi waliwaita vijana haohao ana kwa ana: risasi ikilia, kundi lenu lote tutalishughulikia, mkitaka kutoka, kazi na msaada huu hapa. Mauaji ya vijana yalishuka kwa karibu theluthi mbili. Wachumi na wanatakwimu bado wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo ni cha mpango wenyewe, maana uhalifu ulikuwa ukishuka nchi nzima, ila mbinu ya kumlenga anayejulikana imejaribiwa katika miji mingi tangu hapo na mara nyingi imezaa matunda.

Dar haianzi sifuri. Sungusungu ilizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, ikafika mjini, na baadaye ikaja polisi jamii na ulinzi shirikishi. Tuna polisi kata, tuna mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tuna wajumbe wanaojua nyumba kwa nyumba nani analala na nani anaingia saa tisa usiku. Pale ulinzi shirikishi unapofanya kazi, vijana wa doria wenyewe ni wa mtaa huo na wanawajua walengwa kwa majina. Unapoharibika, unakuwa kikundi chenye rungu kinachodai mchango wa mwezi na kumpiga mgeni asiye na barua ya utambulisho. Tofauti ya hali hizo mbili huwa ni kama kuna mtu anayewasimamia na anayepokea malalamiko.

Kitu kimoja kinakosekana kabisa, na hakihitaji fedha za wafadhili. Hati ya mashtaka katika mahakama zetu kwa kawaida huandika jina la mshtakiwa, umri, kabila, kazi, dini na makazi yake. Mahali alipozaliwa hakuna, wala miaka aliyoishi mjini. Sensa ya 2022 iliuliza mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo tunajua waliozaliwa Dar ni wangapi na waliohamia ni wangapi. Mistari miwili ikiongezwa kwenye hati ile, mtafiti wa Mlimani angeweza kukaa na majalada ya Mahakama ya Wilaya ya Temeke na kutoa jibu ambalo hatujawahi kuwa nalo. Kwa sasa jalada linatuambia kwamba kijana aliyepora simu Tandika ni Mmakonde, wala halitaji kwamba alizaliwa Hospitali ya Temeke na hajawahi kuvuka daraja la Rufiji.